Nyangwe 1893: Ngongo Lutete alisaidia kuuteka mji, maofisa wadogo wa jeshi wakamuua

Tarehe 4 Machi 1893, jeshi la mfalme Leopold wa Pili liliingia Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba. Ushindi huo waliupa jina la Francis Dhanis, ofisa wa Kibeljiji aliyeongoza msafara. Lakini Wazungu katika jeshi lile walikuwa wachache sana. Wengi waliobeba bunduki ni watu wa Ngongo Lutete, na waliowavusha mto ni wavuvi Wagenya, kwa mitumbwi yao.

Vita hivyo vinaitwa “vita vya Waarabu”. Jina linadanganya kidogo, maana pande zote mbili waliokufa wengi ni wana wa nchi hii.

Ngongo hakuwa malaika. Kutoka Ngandu, kando ya mto Lomami, alimfanyia kazi Tippu Tip akiteka watumwa na kukusanya pembe, na vijiji vingi vililia kwa sababu yake. Mwaka 1892 alipigwa na Dhanis, akageuka, akawa upande wa Serikali. Sefu, mtoto wa Tippu Tip, akatoka Kasongo na jeshi kubwa, akashindwa. Mwezi wa Januari 1893 Mohara, mkubwa wa Nyangwe, akauawa vitani. Halafu majeshi yakakaa yakitazamana, mto katikati, wiki kadhaa, mpaka Wagenya walipotoa mitumbwi.

Kasongo ikaanguka tarehe 22 Aprili. Nyangwe ilijaribu kuasi, ikateketezwa. Sidney Hinde, daktari Mwingereza wa msafara, aliukadiria mji ule kuwa ulikuwa na watu wapatao 30,000. Baada ya wiki chache hakukubaki mji.

Dhanis akiwa Kasongo, maofisa wadogo aliowaacha Ngandu walimshtaki Ngongo kwamba anapanga kuwasaliti. Walimhukumu wao wenyewe, haraka haraka. Usiku ule alijaribu kujinyonga gerezani, wakamwokoa, kisha wakampiga risasi. Ilikuwa tarehe 15 Septemba 1893, miezi sita tu baada ya Nyangwe. Dhanis alikuwa amemtuma Hinde kwenda kuisimamisha kesi, lakini alipofika, Ngongo alikuwa amekwisha kufa. Hinde mwenyewe hakuamini mashtaka yale.

Mtu anaweza kusema ni kosa la vijana waliokaa mbali na mkubwa wao. Mimi naona ni zaidi: jeshi lilimtegemea mtu ambaye halikumwamini hata siku moja.

Watu wake wengi walibaki askari wa Serikali. Julai 1895 kambi ya Luluabourg iliasi, na kifo cha Ngongo kilikuwa moja ya sababu, pamoja na mateso waliyoyapata kwa maofisa. Mwaka 1897 wakaasi askari wa msafara wa Dhanis mwenyewe, wakiwa njiani kuelekea Nile. Waasi hao walirudi kusini wakipigana, na Novemba 1898 wakaiteka Kabambare.