Kutoka Chuo cha Jamii hadi Maabara

Nchini Marekani viko vyuo vya miaka miwili viitwavyo vyuo vya jamii, ambavyo cha kwanza cha umma kilifunguliwa mwaka 1901 katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois, na ambavyo hata leo mlango wake u wazi kwa kila mwenye nia ya kusoma: ada ni nafuu, na mama mwenye watoto, au kijana afanyaye kazi ya zamu usiku, aweza kuhudhuria madarasa. Aghalabu humo ndimo waanziamo wale ambao hesabu yao katika maabara za nchi ile ni haba kuliko hesabu yao katika umma, yaani Weusi, Walatino, wenyeji wa asili, na wana wa mafukara; humo pia huanzia wahamiaji wengi, wakiwamo wasemaji wa Kiswahili waliotoka Kongo wakapewa makazi huko. Wengi wao huingia wakiwa na azma ya kuhamia chuo kikuu na kupata shahada, ilhali wanaohama hasa ni kama theluthi moja.

Asidhani mtu kwamba sababu ni upungufu wa akili. Craig Venter, ambaye mwaka 2000 alikuwa mkuu wa moja ya makundi mawili yaliyotangaza rasimu ya kwanza ya jenomu ya binadamu, alianzia katika chuo cha jamii cha San Mateo, California, kabla ya kuhamia chuo kikuu. Na Eileen Collins, mwanamke wa kwanza kuongoza chombo cha anga cha Marekani, mwaka 1999, alitoka katika chuo cha jamii cha Corning, jimbo la New York.

Sababu kubwa imo katika mpangilio wa masomo, nao mwanafunzi haelezwi mapema. Masomo ya sayansi hufuatana kwa sharti: kemia ya mwanzo huchukua mwaka mzima, kemia ya kikaboni haisomwi ila baada yake, fizikia ya wahandisi hungoja kalkulasi, na kalkulasi nayo haianzwi na mtu ambaye hajamaliza aljebra na trigonometria. Chuo kidogo huweza kufundisha sehemu ya kwanza ya kemia ya kikaboni mara moja tu kwa mwaka, na aliyeikosa, kama nahodha aliyekosa msimu wa kaskazi, hana budi kukaa hadi mwaka mwingine. Basi mshauri wa masomo amwambiapo kijana, kwa nia njema kabisa, amalize kwanza historia na lugha na kuyaacha magumu ya hesabu kwa baadaye, humtia hasarani, maana kijana huyo hufika chuo kikuu mwaka wa tatu akiwa na krediti tele, yaani vipimo vya masomo aliyokwisha kufaulu, lakini hana hata moja imfunguliayo darasa la sayansi. Tena hata zile alizo nazo huenda zisikubaliwe: taarifa ya mwaka 2017 ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria kuwa wanafunzi wa kila namna waliohama chuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Jimbo la California, kwa insafu, limejitahidi kuliko mengi: limeweka hadharani orodha ya masomo ya vyuo vyake vya jamii na masomo ya vyuo vikuu vyake vya umma yalinganayo nayo.

Lakini kuhama hakutoshi kumfanya mtu mtafiti. Aingiaye chuo kikuu mwezi wa Septemba, akitaka kuendelea na shahada ya uzamivu, hana budi kupeleka maombi yake yapata Desemba ya mwaka ufuatao, maana yake ana miezi 15 hivi ya kumtafuta profesa, kukubaliwa katika maabara, kujifunza kushika pipeti, kuandika daftari ambalo mwingine akilisoma ataweza kulirudia jaribio, na kusimama mbele ya wenziwe kueleza kwa nini matokeo yasiyotarajiwa yametokea. Ilhali wenzake waliokuwapo tangu mwaka wa kwanza wamekwisha kujulikana kwa majina, na barua zao za sifa zimekwisha kuandikwa nyoyoni mwa walimu.

Dawa iliyothibiti, kwa rai yangu, ni kumwingiza mwanafunzi maabarani kabla hajahama, na kumlipa. Hivyo ndivyo ulivyofanya mpango wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ulioanza miaka ya 1990, uliounganisha vyuo vya miaka miwili na vyuo vikuu jirani, mwanafunzi akafanya utafiti katika maabara ya chuo kikuu, hasa wakati wa likizo ndefu, kwa posho. Posho hiyo si hisani. Kijana ambaye mshahara wake wa dukani hulipa kodi ya nyumba ya wazazi hawezi kufanya kazi ya bure maabarani, hata akiwa na kipaji gani, na utafiti usiolipwa huwachagua wenye nafasi kabla haujawachagua wenye uwezo.

Nawe msomaji, ukiwa na mwana au ndugu anayeanza chuo cha jamii huko, mwandikie leo, kabla hajasajili somo la kwanza, umhimize achague chuo kikuu atakachohamia, aombe orodha ya masomo ya sayansi yakubaliwayo huko, aanze hesabu muhula huu huu, na amwulize mwalimu wake wa kemia ni maabara ipi ya jirani inayopokea wanafunzi kwa malipo.