Makao ya Bia na Maendeleo ya Jamii

Katika nchi ya Denmark yako makao ya namna ambayo Kiswahili bado hakijayapatia jina lililokubaliwa na wote. Wadenmark huyaita bofællesskab, neno lililoungwa kwa sehemu mbili: ya kwanza yatokana na kitendo cha kukaa, na ya pili ni hali ya kuwa na jambo kwa shirika. Kulifasiri si kazi nyepesi. "Nyumba za shirika" lingefaa zamani, wakati mali ya shirika ilipokuwa mali ya watu wawili watatu walioshirikiana. Lakini tangu Tanganyika ilipounda Shirika la Nyumba mwaka 1962, msikiaji hudhani zinatajwa nyumba za serikali. "Ujamaa" limekwisha kutwikwa mzigo wake, na "ujima" ni neno la kazi kuliko la makazi. Limebaki neno la kale, "bia", ambalo katika msemo "kula bia" lilikuwa na maana ya kula pamoja kwa kuchangiana gharama. Ni kweli kwamba kinywaji kimelinyang'anya neno hilo nafasi yake midomoni mwa watu. Hata hivyo, kwa kuwa meza ya chakula ndiyo kiini cha makao haya, hapana lifaalo zaidi, nalo ndilo litakalotumika hapa.

Katika makao ya bia kila jamaa ana nyumba yake kamili, yenye jiko lake na mlango wake wa kufunga. Katikati hujengwa nyumba ya wote, yenye jiko kubwa, ukumbi wa kulia, mahali pa watoto na chumba cha kufulia nguo. Jioni kadhaa katika juma watu hula pamoja, na mpishi ni zamu: leo fulani na mwenziwe, kesho wengine. Magari huachwa pembeni ili njia za ndani ziwe za watoto na za mazungumzo. Mambo yote yawahusuyo wote huamuliwa na wakazi wenyewe katika mkutano.

Asifananishe mtu makao haya na ile nyumba ya Kiswahili ya Dar es Salaam, ambamo wapangaji hushirikiana uani, chooni na kwenye meko. Humo ushirika waletwa na uhaba wa nafasi na fedha, na mwenye nyumba ndiye mwenye kauli. Wala si sawa na jumba lililofunguliwa Stockholm mwaka 1935, ambalo Alva Myrdal alilipigania na Sven Markelius akalichorea ramani. Jikoni mle walikuwamo wapishi wa mshahara, na chakula kilipandishwa kwa lifti ndogo hadi ghorofa za wakazi. Jumba hilo lilimpunguzia mama kazi, jambo la maana kubwa. Lakini mtu aliweza kukaa humo miaka mingi asimjue jirani yake.

Habari ya Denmark ilianza mwaka 1964, pale msanifu wa majengo Jan Gudmand-Høyer na rafiki zake wachache walipoanza kujadili jinsi ya kukaa. Walipata kiwanja huko Hareskov, nje kidogo ya Copenhagen, wakachora nyumba 12 kuizunguka nyumba ya wote. Wakuu wa mahali hapo hawakuupinga mpango. Walioupinga ni majirani, waliohofia kelele za watoto wengi, na mwishowe njia ya kuingilia kiwanjani ikazuiwa kwa hoja ya kisheria. Kiwanja kikauzwa. Mwaka 1967 Bodil Graae aliandika katika gazeti la Politiken makala iliyodai kwamba watoto wawe na wazazi mia, na mwaka uliofuata Gudmand-Høyer naye akaandika katika gazeti la Information juu ya kiungo kilichokosekana kati ya ndoto ya jamii kamilifu na nyumba ya peke yake iliyopitwa na wakati. Waliovutwa na makala hizo mbili walikutana. Matunda yao ni Sættedammen, karibu na Hillerød, yenye nyumba 27, iliyokaliwa mwaka 1972. Na Skråplanet, huko Jonstrup, yenye nyumba 33, iliyokwisha mwaka 1973.

Miaka minane, basi, ilipita tangu mazungumzo ya kwanza hadi mlango wa kwanza kufunguliwa. Wengi huihesabu miaka hiyo kuwa hasara, na kwa fedha ni hasara kweli. Lakini ni humo katika mikutano, katika kubishana juu ya ukubwa wa jiko na mahali pa magari, ndimo watu wasiojuana walimogeuka kuwa majirani kabla hawajawa na nyumba. Hapo ndipo makao ya bia yanapoungana na elimu pana ya maendeleo ya jamii. Mkutano uliofanywa Cambridge mwaka 1948 juu ya utawala wa Afrika ulipoliweka jina hilo la Kiingereza badala ya "elimu ya umma", ulisisitiza kwamba watu waboreshe maisha yao kwa kushiriki wenyewe na, ikiwezekana, kwa kuanzisha wenyewe. Neno "ikiwezekana" limeleta taabu nyingi. Mara kwa mara afisa amekuja na shauri lililokwisha kukatwa, akaomba mikono ya watu tu.

Msomaji wa Tanzania ana mfano wake. Vijiji vya ujamaa, kama vilivyoelezwa katika maandishi ya Nyerere ya mwaka 1967, vilikuwa vya hiari. Lakini mwaka 1973 ilitolewa amri kwamba wote wahamie vijijini, na mamilioni wakahamishwa, wengine kwa nguvu. Kijiji kilipatikana upesi. Kukaa karibu karibu kulipatikana pia. Kilichokosekana ni ile miaka ya kubishana.

Lakini isidhaniwe kwamba makao ya bia yameponea kila aibu. Wajenzi wa kwanza walikuwa watu wa elimu na mishahara mizuri, nao walijijengea. Jamii iliyojichagua ni rahisi kuipatanisha. Swali la maendeleo ya jamii ni nani amebaki nje ya ua. Jawabu moja lilijaribiwa Tinggården, huko Herfølge, mwaka 1978: karibu nyumba 80 za kupanga, zilizogawanywa katika makundi sita, kila kundi na nyumba yake ya wote, ambazo mtu wa kipato cha kawaida aliweza kuzimudu. Kisha sheria ya mwaka 1981 ya nyumba za ushirika ilirahisisha mikopo, na tangu hapo wengi nchini humo wamejenga kwa njia hiyo.

Uingereza ilichelewa, ila ikaongeza jambo. Katika makao yaitwayo LILAC, mjini Leeds, yaliyokwisha mwaka 2013, jamaa 20 hukaa katika nyumba za mbao na mabua makavu. Mwenye mali ni chama chao. Kila mmoja hulipa asilimia 35 ya kipato chake baada ya kodi, na hisa zake hufuata mwendo wa mishahara badala ya bei ya nyumba sokoni. Kwa hiyo ahamaye hawezi kumuuzia mwingine kwa bei ya kumfukuza maskini.

Huko Barnet, kaskazini mwa London, kikundi cha wanawake waliopita umri wa miaka 50 kilianza mwaka 1998 kutafuta pa kuzeekea pamoja. Walikataa kununua kila mmoja kwa uwezo wake tu, wakataka baadhi ya nyumba ziwe za kodi nafuu kwa wenzao wasio na akiba. Na sharti hilo ni miongoni mwa yaliyowachelewesha. Walihamia mwaka 2016, baada ya miaka 18. Wakati huo baadhi ya walioanza nao walikuwa wamekwisha kufa. Nyumba ni 25, na katika hizo 8 ni za kodi nafuu.