Mtoto wa Mwenzio Mkononi Mwako

Mtu akisimama alfajiri katika mji wa Tunduma, mpakani mwa nchi yetu na Zambia, huona mambo mawili. La kwanza ni safu ya malori marefu yaendayo Zambia na Kongo, yakingoja zamu ya kuvuka. La pili ni akina mama wapitao kando ya malori hayo, huyu na beseni la ndizi kichwani, yule na mzigo wa vitenge, na mtoto mgongoni. Watoto hao wanapelekwa wapi? Wengine hupelekwa katika kituo cha kulelea watoto mchana. Wengine huachwa kwa jirani. Wengine hubaki nyumbani mikononi mwa msichana wa kazi, aliyeletwa kutoka vijiji vya Ileje au Momba. Jioni mama hurudi amechoka, humpokea mwanawe na kuuliza neno moja tu: "Amekula?" Akijibiwa kwamba amekula, huenda zake.

Mwezi huu twataka kuuliza zaidi ya hilo. Mtu akiwekewa fedha za mwenzake, huzihesabu mbele ya mwenyewe, na siku ya kuzirudisha huzihesabu tena. Mbona mtoto, aliye na thamani kuliko fedha zote, hupokewa na kurudishwa pasipo hesabu?

Zamani kijijini mlezi alikuwa nyanya, shangazi au dada, na kila jirani alimjua kwa jina na kwa tabia. Mji wa mpakani si hivyo. Watu hutoka pande zote, hukaa chumba kwa chumba, na aliyepanga leo huenda kesho akahama. Mahali kama hapo ujamaa peke yake hautoshi kumlinda mtoto. Yahitajiwa sheria, na watu wanaoijua.

Sheria hiyo ipo. Tangu mwaka 1981 nchi ilikuwa na sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana. Mwaka 1991 Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989. Kisha mwaka 2009 Bunge likatunga Sheria ya Mtoto, iliyofuta ile ya 1981 na nyingine kadhaa, na kuyakusanya mambo ya watoto mahali pamoja. Ndiyo ifuatwayo Tanzania Bara. Zanzibar wana yao ya mwaka 2011. Mkoa wetu wa Songwe ulipotengwa na Mbeya mwaka 2016, uliikuta sheria hiyo imekwisha kuwapo. Kwa hiyo hakuna miongoni mwetu awezaye kusema kwamba ni jambo geni.

Yasema nini? Yasema kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na kwamba katika kila jambo limhusulo, manufaa yake ndiyo yatangulizwe. Yasema kwamba kituo cha kulelea watoto mchana sharti kiandikishwe. Haitoshi mtu kuwa na uga na moyo mwema. Yakataza mateso na adhabu za kudhalilisha. Hata kumrudi mtoto kuna mpaka: adhabu isipite kiasi kwa umri na hali yake, na asiadhibiwe mtoto asiyeweza kufahamu kwa nini anaadhibiwa. Basi mlezi ampigaye mtoto wa miaka miwili kwa kuwa amejikojolea hana la kujitetea, wala mbele ya sheria, wala mbele ya dhamiri yake.

Hapa twaomba kila nyumba ijitazame. Yule msichana wa kazi, ana umri gani? Mara nyingi katika nyumba moja mna watoto wawili, mmoja abebwaye na mmoja abebaye, na sisi humwona mmoja tu. Sheria huwaona wote wawili. Mtoto aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa. Aliyefikisha miaka hiyo aweza kupewa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru mwili wala kumzuia kwenda shule. Asifanyishwe kazi kupita saa sita kwa siku, wala usiku kati ya saa mbili na saa kumi na mbili alfajiri, na ujira wake uwe wa haki. Mama amwambiaye binti wa miaka 12, "Nitakununulia nguo Krismasi," na huku amemkabidhi mtoto mchanga tangu mapambazuko mpaka usiku, amewakosea watoto wawili kwa pamoja.

Sasa tuwageukie waliofanya ulezi kuwa kazi yao, na waalimu wetu pia, maana wajibu wao ni mmoja.

Kwanza, mlezi aandike. Jina la mtoto, la mzazi, saa aliyoletwa na saa aliyochukuliwa. Akija na alama mwilini, alama hiyo iandikwe siku ile ile. Akiumia kituoni, mzazi aambiwe jioni ile ile jinsi alivyoumia.

Pili, mtoto asitolewe kwa mtu asiyetajwa na mzazi, hata akisema, "Mimi ni mjomba wake." Mahali ambapo barabara ya nchi nyingine iko hatua chache tu, tahadhari hii si ya kudharauliwa.

Tatu, mtu mzima asijifungie na mtoto faraghani. Milango iwe wazi, na wenzake waweze kuona. Mwema hapotezi kitu kwa kuonekana.

Nne, na ndilo zito kuliko yote, asinyamaze. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto chamwajibisha kila mtu katika jamii aliye na habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi au mlezi awezaye kumtunza anakataa, azipeleke habari hizo kwa serikali ya mtaa au kijiji. Hakikusema mzazi tu, wala mwalimu tu. Kimesema sote.

Twajua pingamizi zitakazotolewa. Mmoja atasema, "Ni aibu ya ukoo, tumalizane nyumbani." Lakini wanaomalizana ni wakubwa, mtoto hubaki na jeraha lake, na mkosaji hubaki na nafasi yake. Mwingine atasema, "Mambo hayo hayako kwetu." Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na wavulana wapata 13 katika kila 100, walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Watatu nnyumba za Kikristo kuwa zimeruka hesabu hiyo ni kujidanganya. Wa tatu atasema, "Neno la mtoto halisimami barazani." Halisimami kwa nani? Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtoto mdogo aweza kutoa ushahidi mahakamani pasipo kiapo, akiahidi kusema kweli. Mahakama ikimsikiliza, je, sisi tumfunge kinywa? Mficha maradhi, kifo humfichua.

Mwenye habari aende kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji, kwa Afisa Ustawi wa Jamii, au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Tena iko simu ya kuwasaidia watoto, namba 116, isiyotozwa malipo. Mtoto asihojiwe na watu kumi, wala jina lake lisitajwe kisimani. Kumsaidia ni kumsikiliza kwa upole, kumwambia kwamba hana kosa, na kulipeleka neno panapostahili.

Basi, mama na baba, leo jioni mkimpokea mtoto, msiulize chakula tu. Ulizeni alicheza na nani, alilala wapi, nani alimwogesha. Mtazameni mwili wake mnapombadili nguo. Akimwogopa mtu, msimkemee, ulizeni sababu. Na wewe mlezi, usichukizwe na maswali hayo. Mwenye kutunza amana vizuri hufurahi mwenyewe anapokuja kuihesabu.