Ndege Iliyoitwa Njiwa: Kazi ya Mikono Iliyotufunza Historia

Siku ya tatu ya likizo ya Disemba, baada ya swala ya Alasiri, mzee mmoja ambaye ni mjumbe wa kamati ya msikiti wetu alisimama mlangoni mwa madrasa. Aliitazama meza iliyojaa kadibodi, nyuzi, gundi na vijiti vya mishikaki, kisha akatuuliza kwa sauti ya upole lakini nzito: "Katibu, madrasa hii tuliichangia ili watoto wasome Qur'ani, au ili waunde ndege za vita?"

Swali lilikuwa la haki. Wazee wa rika lake ndio waliobeba matofali ya jengo lile, na aliyechangia ana haki ya kuuliza. Tulimsogezea kiti, tukamwambia, "Mzee wetu, tuvumilie hadi mwisho wa likizo, kisha utuhukumu kwa utakachokiona." Alikubali kwa shingo upande, akaenda zake. Tunaandika makala haya kwa sababu tunaamini kwamba swali lake huulizwa katika nyumba nyingi za Waislamu, pale mtoto anapoingia ndani akiwa ameshika ndege, kifaru au bunduki ya mchezo.

Kilichotufikisha hapo ni malalamiko ya wazazi. Walituambia kwamba watoto wao wanamaliza likizo wakiwa wameinamia simu, wakicheza michezo ambayo ndani yake mtu hupigwa risasi, hutoweka, na mchezo huendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Tulipowauliza vijana wenyewe, wavulana na wasichana kumi na mmoja, wangependa kazi gani ya mikono, wengi walitaja ndege za kijeshi za zamani. Tungeweza kukataa. Tukaona ni bora kukubali kwa sharti moja: ndege tutakayoiunda, tujue iliruka wapi, na chini yake walikuwapo akina nani.

Njiwa wa Etrich

Tulichagua ndege iitwayo Taube, neno la Kijerumani lenye maana ya njiwa. Mbunifu wake alikuwa Igo Etrich, wa Dola ya Austria na Hungaria, na ilianza kuruka mwaka 1910. Ukiitazama kutoka chini, mabawa yake yamepinda kuelekea nyuma kwenye ncha, na mkia wake umetanuka kama upepo, hata mtu aliye mbali aweza kudhani ni ndege wa manyoya. Lakini umbo la mabawa hayo Etrich hakulichukua kwa njiwa. Alilichukua kwa mbegu ya mmea utambaao wa jamii ya maboga, unaoota katika misitu ya Indonesia. Mbegu hiyo ina utando mwembamba pande zote mbili, na inapodondoka kutoka juu huelea hewani mwendo mrefu kabla ya kugusa ardhi. Vijana waliposikia hayo walinyamaza, kisha mmoja akasema, "Subhanallah." Gundi ilikuwa bado haijafunguliwa, na somo la kwanza, la kutafakari maumbile ya Allah, lilikuwa limekwisha kuingia.

Tuliwakumbusha pia habari za Abbas ibn Firnas, mwanachuoni wa Andalusia wa karne ya 9 Miladia. Mwanahistoria al-Maqqari anaeleza kwamba alijivika manyoya, akaruka masafa fulani, kisha akaumia mgongo wakati wa kutua kwa kuwa hakujiwekea mkia. Tangu siku hiyo hakuna kijana wetu aliyeuona mkia wa ndege kuwa ni pambo tu.

Yaliyotokea Ain Zara

Tarehe 29 Septemba 1911 Italia ilitangaza vita dhidi ya Dola ya Uthmaniya, ikikusudia kuitwaa Libya. Pamoja na meli na askari wake, ilipeleka Tripoli ndege chache. Tarehe 23 Oktoba rubani Carlo Piazza aliruka kwa ndege aina ya Blériot kwenda kupeleleza walipo askari wa Uthmaniya na Waarabu. Siku tisa baadaye, tarehe 1 Novemba, Luteni Giulio Gavotti alipaa peke yake ndani ya Taube.

Gavotti alichukua mabomu manne, kila moja lenye uzito wa takriban kilo moja na nusu na ukubwa unaokaribia chungwa. Hapakuwa na mtambo wowote wa kuyaangushia. Katika barua aliyomwandikia baba yake alieleza jinsi alivyoyabeba, mengine ndani ya kisanduku cha ngozi na moja mfukoni mwa koti. Aliyatupa kwa mkono juu ya Ain Zara na Tajura, oasisi zilizo jirani na Tripoli. Tukio hilo ndilo linalohesabiwa kuwa la kwanza katika historia ambapo ndege yenye injini ilidondosha mabomu vitani. Kwa kalenda yetu ulikuwa mwezi wa Dhul-Qaada, mwaka 1329 Hijria, mmojawapo wa miezi minne mitukufu.

Mlango uliofunguliwa juu ya vichwa vya Waislamu wa Libya haukufungwa tena. Mwezi Agosti 1914, miaka isiyotimia mitatu baadaye, Taube ya Kijerumani ilidondosha mabomu juu ya Paris.

Msichana mmoja alinyoosha mkono. "Ustadh, kwa nini ndege ya kutupa mabomu waliipa jina la njiwa?" Tulimjibu kwamba aliyeipa jina alitazama umbo lake, na kwamba Etrich alipoanza kuisanifu alikuwa akitafuta kuruka tu. Matumizi yaliamuliwa na watu wengine baadaye. Hakuonekana kuridhika, nasi hatukumlazimisha aridhike.

Kipimo cha 1/48

Ndege za plastiki zinazouzwa zikiwa vipande vipande ni ghali na nadra kwetu, kwa hiyo tulitumia vitu vya nyumbani. Tulichagua kipimo cha 1/48, maana yake kila sentimita 48 za ndege halisi ziwe sentimita moja mezani. Mabawa ya Taube yalikuwa na upana wa takriban mita 14.3 kutoka ncha hadi ncha. Vijana waligawanya 1,430 kwa 48 wakapata karibu sentimita 29.8. Urefu wake wa takriban mita 9.9 ukawa sentimita 20.6. Kijana aliyekuwa akikimbia hesabu darasani ndiye aliyepiga hesabu za vipande vyote, kwani hapa kosa la hesabu lilionekana kwa macho.

Kiwiliwili kiliundwa kwa kadibodi nyembamba iliyokunjwa. Mbavu za mabawa zilitokana na vijiti vya mishikaki vilivyopasuliwa na kusuguliwa kwa msasa, na juu yake tukatandaza ile karatasi laini inayowekwa ndani ya maboksi ya viatu, tukaipaka gundi iliyoongezwa maji. Magurudumu yalikuwa vifungo vya koti. Rafadha, yaani panga la mbele linalozunguka, ilichongwa kwa kijiti cha aiskrimu. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa nyaya, kwani Taube ilishikwa na nyaya nyingi juu na chini ya mabawa, na rubani aligeuza ndege kwa kuzivuta ili ncha za mabawa zipinde. Tulitumia uzi wa kushonea uliopitishwa kwenye kipande cha mshumaa ili usiwe na manyoya, kila uzi ukivutwa kwa kiasi: ukilegea unaning'inia, ukikaza sana bawa linapinda.

Siku ya tano kijana mmoja alipaka rangi kabla ya karatasi ya bawa kukauka. Karatasi ilikunjamana yote, akainama mezani akitaka kulia. Hatukumkemea. Tulimkumbusha mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba Allah anapenda mja afanyapo kazi aifanye kwa ukamilifu, tukaibandua karatasi pamoja naye, akaanza upya. Bawa lake ndilo lililotoka zuri kuliko lile la upande wa pili.

Rangi

Wengi hudhani ndege ya kijeshi lazima iwe ya kijani. Taube za mwanzo zilifunikwa kitambaa cha kitani kilichopakwa vanishi isiyo na rangi, hivyo zilikuwa na weupe wa maziwa yaliyochanganywa na chai kidogo. Tulichanganya rangi ya maji nyeupe, manjano kidogo na tone la kahawia, tukaizimua, tukapaka mara mbili nyembamba badala ya mara moja nzito, kila mara tukisubiri ikauke kabisa. Penseli iliyochongwa vizuri ilichora kivuli cha mbavu. Kwa sehemu za mbao tulipaka kahawia hafifu kwanza, kisha tukapitisha kahawia nzito kwa brashi iliyokaribia kukauka, na mistari ya mti ikajitokeza yenyewe. Mwisho tulipaka vanishi isiyong'aa.

Rubani na suala la picha

Ndege ilipokamilika, vijana walitaka kumchonga rubani. Hapa palihitaji tahadhari. Kutengeneza mfano wa kitu kisicho na roho hakuna tatizo. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba alimwelekeza mchoraji aliyemwendea achore miti na visivyo na roho. Kuhusu vinyago vya watoto, wanazuoni wengi wameruhusu, wakitegemea Hadithi ya Mama Aisha (r.a.) aliyekuwa na vinyago vyake, miongoni mwavyo farasi mwenye mabawa ya kitambaa. Mtume (s.a.w.) alimuuliza kuhusu mabawa yale, naye akamtajia farasi wa Nabii Suleiman (a.s.), Mtume akacheka. Wengine wamechukua msimamo wa kujizuia. Kwa kuwa kazi yetu ilifanyika katika madrasa ya watu wote, tulichagua kuepuka hitilafu na kukiacha kiti cha rubani kitupu. Kila familia na imuulize sheikh wake.

Badala ya rubani tuliweka mabomu. Chungwa la sentimita nane katika kipimo cha 1/48 halifiki milimita mbili, nayo ni punje ya ulezi. Punje nne zilibandikwa juu ya kiti kile kitupu, wala hazikuning'inizwa chini ya mabawa, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Mkeka chini ya mitende

Kisha tukaunda ardhi ya kuiweka ndege: ubao uliomwagiwa mchanga juu ya gundi, mitende ya karatasi, na kisima. Tulipokuwa tukiutazama, yule kijana wa bawa lililokunjamana akasema, "Ustadh, rubani tumemwondoa, na huku chini hatuweki watu. Sasa atakayeona atajuaje kwamba palikuwa na watu?"

Kwa kweli hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumetumia siku nane kwa ndege na siku moja tu kwa ardhi, na tofauti hiyo tulikuwa hatujaiona mpaka mtoto alipotuonyesha. Baada ya kushauriana, vijana waliafikiana kuweka vitu ambavyo mtu huviacha anapokimbia: ndoo kando ya kisima, jozi ya makubadhi, na mkeka wa kuswalia. Mkeka wa sentimita 120 ungekuwa sentimita mbili na nusu, na hakuna aliyeweza kuusuka.

Mzee wetu alikuwa amepita kuangalia maendeleo, akasikia mazungumzo yote akiwa mlangoni. Hakusema neno. Kesho yake baada ya Alasiri alirudi na kipande cha karatasi kilichokunjwa. Ndani yake mlikuwa na mkeka mdogo kuliko stempu. Mkewe, ambaye ni msukaji wa miaka mingi, aliusuka kwa ukindu uliopasuliwa kwa wembe. Mzee aliinama juu ya ule ubao, akauliza, "Kwa huko Tripoli, Qibla kiko upande gani?" Tukamwonyesha: mashariki, kuelekea kusini kidogo. Akauweka mwenyewe.

Kwa wazazi

Tumejifunza kwamba chombo cha vita kikiingia nyumbani bila maelezo, mtoto hukaa daima katika kiti cha rubani. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha hata kwa mzaha, na malezi hayo huanza katika michezo. Mzazi anayenunua au kuunda ndege pamoja na mwanawe na amuulize maswali mawili: iliruka wapi, na chini yake walikuwa akina nani. Kazi yenyewe ina manufaa mengi ya hesabu, subira na ushirikiano. Wembe ushikwe na mkubwa, gundi na vanishi zitumike penye madirisha wazi, na adhana ikisikika brashi zioshwe na kazi isimame.

Ndege yetu sasa iko juu ya kabati la vitabu vya madrasa, na vijana wamekwisha kuuliza kuhusu likizo ijayo. Tumewaambia kwamba vita vya angani vilifika hata pwani yetu: mwaka 1915 Waingereza walirusha ndege kutoka kisiwa cha Mafia ili kuelekeza mizinga ya meli zao dhidi ya manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji, hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai. Safari hii wamesema wenyewe kwamba wataanza na ardhi: mikoko, mitumbwi na nyumba za watu wa delta. Ndege itafuata.

Tunamwomba Allah awarehemu waliotangulia, awape amani wote wanaoishi leo chini ya ndege za vita, na aifanye mikono ya watoto wetu kuwa ya kheri. Wabillahi tawfiq.