Baridi si adui wa sola

MKULIMA wa Mufindi mkoani Iringa, au wa Uyole mkoani Mbeya, anaweza kusita kununua sola akihofia kuwa baridi ya nyanda za juu itampunguzia umeme. Hofu hiyo haina msingi.

Paneli hutumia mwanga, si joto. Mwaka 1905, Albert Einstein alieleza kuwa mwanga huja kwa vifungu vidogo vya nishati, ambavyo leo huitwa fotoni. Fotoni yenye nishati ya kutosha ikigonga silikoni ya paneli, huachilia elektroni. Elektroni zikitembea, huo ndio umeme. Hiyo ni nadharia ya kwanta ikifanya kazi juu ya bati.

Joto ndilo linalokula mtaji. Paneli ya kawaida ya silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu yake kwa kila nyuzi moja inayozidi 25 za Selsiasi. Paneli ya wati 100 ikifikia nyuzi 65 hubaki na wati 84 hivi. Ikiishia nyuzi 45 hubaki na wati 92, kwa mwanga uleule.

Wezi wa umeme huku ni ukungu, mawingu na kivuli. Kabla ya kumlipa fundi, mkulima ahakikishe kuwa paneli haifikiwi na kivuli cha mti, na imeinuliwa kidogo ili upepo upite chini yake.