Je, Wajua? Samaki wa Lualaba na Tabia Zao Kwenye Ndoano

Tenke, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni njiapanda ya reli zinazoelekea kwenye maji yenye samaki. Tawi moja, lililokamilika mwaka 1931, huenda magharibi kupitia Kolwezi hadi Dilolo. Jingine huelekea kaskazini hadi Bukama, kwenye mto Lualaba na maziwa ya Upemba. Karibu na Kolwezi lipo pia ziwa Nzilo, lililotokana na bwawa la umeme. Maji yote haya yana samaki wa aina nyingi, na raha kubwa ya ndoano ni kwamba kila samaki hula chambo kwa namna yake.

Perege huonja kwanza. Mnyoo au kidonge cha bukari (ugali) huguswaguswa, boya hucheza kidogo, kisha huzama ghafla. Kambale hupatikana zaidi usiku, chambo kikiwa kimelala kwenye tope. Kwa kuwa ana kiungo cha kupumulia hewa, huweza kukaa hai muda mrefu nje ya maji. Kambale wa umeme yataka kumshika kwa uangalifu mkubwa, maana mshtuko wake unaweza kufikia volti 350 hivi.

Anayesisimua kuliko wote ni mbenga, aliyepewa jina la kisayansi na Boulenger mwaka 1898. Hupenda mkondo wenye nguvu, huwinda samaki wenzake, na aliyekomaa vizuri huzidi urefu wa mita moja na kufikia kilo 50. Meno yake 32 hukata uzi wa nailoni papo hapo. Ndiyo maana ndoano yake hufungwa kwa kipande cha waya.