Duesenberg SSJ: gari, bei na neno

Mwaka 1935, Marekani ikiwa bado katika shida kubwa ya uchumi, kampuni ya Duesenberg iliunda magari mawili tu ya aina ya SSJ: mafupi, ya wazi, yenye paa la kitambaa linalokunjwa. Injini ya silinda nane, ikishindiliwa hewa kwa pampu, ilitoa nguvu za farasi 400. Moja liliendeshwa na Gary Cooper, jingine na Clark Gable, wote waigizaji wa sinema. Mwaka 2018 lile la Cooper liliuzwa mnadani kwa dola milioni 22.

Kwa nini bei hiyo? Mkusanyaji hanunui chuma peke yake. Hununua uchache, ufundi na masimulizi, lakini masimulizi yenye ushahidi: namba ya injini na hati za wamiliki.

Yapo masimulizi yasiyo na ushahidi. Katika Kiingereza cha Marekani, "doozy" ni kitu cha ajabu, na wapenzi wengi wa magari husema neno hilo limetokana na Duesenberg. Nami niliandika hivyo katika kazi yangu ya mwaka wa kwanza. Mwalimu akaandika pembeni: "Tarehe?" Nilipotafuta, nilikuta neno hilo lilitumika kama kivumishi tangu 1903, ilhali ndugu Fred na August Duesenberg walianzisha kampuni mwaka 1913. Huenda gari lililisaidia neno kuenea, halikulizaa.

Mnunuzi hukagua namba kabla ya kulipa. Nasi tukague tarehe kabla ya kuandika asili ya neno.